Usiishie Paris

Riziki wangu,

Uko saluni unasukwa, na kwa jinsi ninavyomfahamu msusi wako, mdomo wake unakwenda kasi kuliko vidole, hutarudi mapema. Baba yako yuko kazini Mobeni. Begi lako limesimama mlangoni kama mgeni ambaye hajapewa kiti, na mimi nimekaa mezani kufanya kazi niliyopaswa kuifanya Jumapili, mbele ya watu, kwa sauti.

Mambo ya sweta, viatu vya mvua na kusali kabla ya kulala sitayaandika. Umeyasikia wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu kwa nyusi. Ninaandika kwa ajili ya jambo moja. Ukitua Paris, panda treni uende Bretagne, kwenye mji na shule iliyokuajiri. Usikae Paris. Sababu nitakueleza, kwa kuwa sikukulea utii amri bila sababu, ingawa kuna siku nimejuta.

Jumapili ulikuwepo, lakini nataka uione kutoka upande wangu wa chumba. Ibada ilikwisha, watu wakapanda ngazi zetu hapa Point, Durban, viti vikajaa, vijana wakakaa sakafuni. Kila aliyeingia alikuwa na kifurushi cha kukupa au jina la ndugu wa kumsalimia, na wote walisema Ufaransa kana kwamba ni uwanja mmoja, ukisimama katikati unawaona wote. Tonton Deo, mjomba wa kanisa zima, akakaa kwenye kiti cha baba yako, kama anavyofanya siku zote, na baba yako akasimama dirishani, kama anavyofanya siku zote.

"Bon," akasema Tonton, "mtoto amepata Ufaransa, Mungu asifiwe. Sasa tuongee kama watu wazima. Huko Bretagne iko nini?"

"Iko bahari," ukamjibu.

"Bahari iko hapa chini, unaenda kwa miguu." Watu wakacheka. "Bretagne iko mvua, ng'ombe na wazee. Watu wetu iko wapi? Paris. Kanisa letu? Paris. Binti wa dada yangu, Clarisse, iko Paris, atakupokea airport, kitanda kiko tayari, na iko bibi mmoja mzee anatafuta mtu wa kumtunza. Ile shule utawaandikia kwamba unaumwa. Utafundisha Kiingereza watoto wa wavuvi mwaka mmoja, halafu urudi hapa na nini? Ukikaa Paris, pole pole karatasi za ukaazi zitakuja, na wewe utavuta wengine."

Wakaitikia. Mmoja akasema amina. Wewe hukumtazama Tonton, ulinitazama mimi. Mimi ambaye niliwahi kumsimamisha mhubiri katikati ya mahubiri kwa sababu alitaja mji wa Biblia mahali usipokuwa. Mimi ambaye naandika kurasa nzima kumjibu mtu gazetini kwa kosa la mstari mmoja. Ulingoja nifungue mdomo.

Nikasema, "Chai inachemka," nikaenda jikoni, nikasimama pale nikikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani.

Unajua kwa nini. Tulipofika Durban nikiwa na mimba yako, Tonton Deo ndiye aliyetulaza sakafuni mwa duka lake la simu, katikati ya kabati za vioo, na asubuhi tunakunja magodoro kabla ya wateja kuingia. Ndiye aliyekuleta kutoka hospitali kwa gari lake, akiendesha taratibu mpaka teksi za nyuma zikampigia honi kwenye kila roboti, kila taa ya barabarani. Mtu wa namna hiyo humwambii hapana mbele ya watu. Na tena kuna sheria yetu ambayo haikuandikwa popote: mtoto akipata viza, viza ni ya ukoo mzima. Anayefika Ulaya anakuwa mlango, na mlango hauulizwi unataka kwenda wapi.

Sasa nikueleze kuhusu hiyo mvua na ng'ombe.

Majina ya Bretagne niliyajua kabla ya kuyajua majina ya vijiji vya ziwa letu wenyewe. Bukavu, kwenye shule ya masista, mwalimu wetu wa jiografia alikuwa sista mfupi mwenye mashavu mekundu, naye alituimbisha bandari za Ufaransa kutoka kaskazini mpaka kusini. Akifika Bretagne alipunguza mwendo. Saint-Malo, Paimpol, Roscoff, Brest, Douarnenez, Concarneau, Lorient. Tulizijua kwa mpangilio, na ukikosea unarudia kutoka mwanzo, wakati dirishani ziwa Kivu lilikuwa limelala na hakuna aliyetuuliza kijiji cha upande wa pili kinaitwaje. Na aliyesikika akisema Kiswahili uani alivalishwa shingoni kipande cha ubao chenye kamba, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Nilikuwa na mdomo hata wakati huo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa hapa Durban na kitabu nilichokiokota kwenye maboksi ya maktaba, nikasoma kwamba huko Bretagne watoto wa vijijini walikuwa wakivalishwa kitu kama hicho hicho, kiatu cha mbao au kipande cha ubao, kwa kosa la kusema Kibretoni shuleni. Nikafunga kitabu. Sista wetu alitoka kijiji cha jirani na Douarnenez, alitutajia mwenyewe. Kwa hiyo mama yake au bibi yake alikivaa. Walimvalisha yule, naye akapanda meli akaja kutuvalisha sisi, na katikati hakuna aliyesema basi. Nilikasirika wiki nzima, na sikujua nimkasirikie nani.

Ndiyo maana nilipokufundisha Kifaransa wewe, mezani hapa, nilitumia zile zile bandari, lakini nilikusimulia yale ambayo Sista aliyaruka. Kwamba Saint-Malo, mji ule wenye ukuta kuzunguka wote, ulijengwa kwa mali ya manahodha waliopora meli za wengine kwa kibali cha mfalme, na baadhi yao walisafirisha watu wetu kama mizigo. Kwamba Lorient haikuwa mji mpaka kampuni ya biashara ya Mashariki ilipojenga maghala pale. Kwamba Nantes, ambayo Wabretoni wengi bado wanagombea iitwe yao, ilitajirika kwa watumwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Ufaransa. Ukaniuliza, "Sasa Mama, mbona unapenda mahali pabaya hivi?" Ulikuwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Sikukujibu vizuri. Nakujibu sasa: kwa sababu ni pwani ile ile iliyotoa matajiri wa meli na maskini waliowapigia makasia, na maskini ndio waliobaki kwenye vijiji. Karibu na Paimpol kuna ukuta wa makaburi wenye majina ya wavuvi waliokwenda kuvua chewa Iceland na hawakurudi, na chini ya majina hakuna mwili hata mmoja. Roscoff wanaume walikuwa wakivuka kwenda Uingereza na mafungu ya vitunguu vyekundu, wakibisha nyumba hadi nyumba kwa Kiingereza cha kuombea maji. Nikiwaza hao nawaona watu wetu wa hapa wanaouza miwani na mikanda ufukweni.

Na huko unakokwenda, Douarnenez, wanawake ndio walioshika mji. Walifanya kazi ya kusafisha sardini na kuzipanga kwenye makopo, mchana na usiku kwa kufuata mashua zinapoingia, wakiimba ili wasisinzie. Siku moja wakaacha visu, wakatoka na kofia zao nyeupe, wakapita barabarani wakidai ujira wa mtu, na hawakurudi mpaka wakapewa. Sikuambii hili ili uende kupiga picha kwenye viwanda vya zamani. Nakuambia kwa sababu Tonton alisema watoto wa wavuvi kana kwamba ni tusi.

Lakini habari inayokuhusu zaidi ni nyingine. Reli ilipofika Bretagne, familia za vijijini zilianza kuwapandisha watoto wao kwenye treni ya Paris. Wasichana hasa. Walikuwa na anwani ya binamu mfukoni na begi moja. Walishuka Montparnasse, kituo hicho hicho utakachopandia wewe, na wengi hawakwenda mbali zaidi ya mitaa ya karibu. Wakawa watumishi wa ndani, wakawa wabeba mizigo, wakachekwa kwa namna wanavyosema, wakachorwa kwenye magazeti kama wajinga. Na kila mwezi nyumbani walingojewa kama mvua. Unaona? Barabara anayotaka kukuchorea Tonton Deo imekwisha kupitwa, na waliopita ni bibi zao na shangazi zao hao watu wa mvua na ng'ombe. Wewe una bahati ya kupanda treni ile ile ikiwa imegeuza kichwa.

Sikupeleki peponi. Utakuwa mweusi peke yako kwenye duka la mkate, na kuna atakayekuuliza unatoka wapi. Sema Durban. Atakuuliza tena, unatoka wapi hasa. Sema Durban mara ya pili, kwa utulivu. Akiuliza ya tatu, muulize yeye. Wabretoni wanapenda sana kulijibu swali hilo, utaona, na kabla hajamaliza mtakuwa mmekwisha kuwa majirani. Darasani kwako, mtoto akikujibu kwa lugha ambayo si ile uliyoletwa kufundisha, usimkate. Msikilize mpaka mwisho, ndipo umpe Kiingereza. Ukilifanya hilo tu mwaka mzima, kuna ubao mmoja utakuwa umeanguka shingoni mwangu.

Sasa nije kwangu. Unajua kwamba niliwahi kusuka nywele mjini, kwenye kiti cha plastiki, mvua ikija tunakimbilia chini ya kibaraza. Ulidhani ni kwa sababu shule hazikutaka kuniajiri. Nilikuacha udhani hivyo, maana ilinisaidia kwenye hoja zangu nyingi. Ukweli ni kwamba shule moja ya bweni, kwenye mji mdogo wa ndani kuelekea milima ya Drakensberg, ilinikubali nifundishe Kifaransa. Nyumba ya mwalimu ilikuwepo. Nikawaambia wenzetu kanisani, na wote wakasikitika kama nimefiwa. Huko iko nani? Utasema na nani? Ukiumwa? Mtoto atazaliwa katikati ya watu gani? Nikaandika kwamba siji. Nikasema nitakwenda mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata nafasi ilikuwa ya mtu mwingine.

Sitakudanganya kwamba nilipoteza kila kitu. Nilibaki, na kwa kubaki nilipata kwaya, nikapata mashoga waliokubeba mgongoni nilipokuwa nasuka, nikapata hawa watoto wa Morningside ninaowafundisha mpaka leo, ambao mama zao wananiita Madame na wanasahau kunipa maji. Watu wetu walitushika tusianguke. Ila mkono unaokushika usianguke, usipouambia basi, unaendelea kukushika hata unapotaka kutembea. Hilo nililijua miaka yote hii. Nimeliandika kwa maneno makali kuhusu serikali, kuhusu makanisa, kuhusu mashirika yanayotuhurumia. Kuhusu nyumba yangu sikuliandika.

Jumatano ulikuwa unaosha vyombo, ukaniuliza bila kugeuka, "Mama, kwani wewe unasema nini?" Nikasema tutaona. Ukasema, "Sharp," ile sawa yenu ya Durban, kwa sauti yako ya kufunga mlango, ukaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Uliponiacha jikoni nilijua kwamba ukipokelewa na Clarisse utakwenda naye. Hutabishana uwanja wa ndege, umechoka na safari, mbele ya mtu aliyepoteza siku ya kazi kukungojea. Utatii, kama nilivyotii mimi, na utaniandikia kwamba unaendelea vizuri.

Baba yako alirudi jioni ile akanikuta nimekaa. Nikamweleza. Unajua baba yako, maneno yake anayatoa kama mtu anayelipia kila moja. Akavua viatu, akaviweka sawasawa ukutani, akasema, "Mama Riziki, wewe unabishana na redio."

"Redio inakosea."

"Unabishana na mchungaji. Unabishana na mimi juu ya chumvi. Deo mmoja, na ana kitambi, ndiye amekuweza?"

"Alitulaza dukani kwake."

"Alitulaza. Mimi nimemshukuru mpaka amechoka kushukuriwa. Lakini mtoto hatukumwachia pale dukani, tulitoka naye."

Akaenda kuoga, akiimba. Miaka yote nimeolewa na mtu huyu nikidhani mimi ndiye msemaji.

Kwa hiyo jana sikwenda Morningside. Nilikwenda dukani kwa Tonton Deo. Alikuwa anabadilisha kioo cha simu ya dada mmoja wa Kizulu, amevaa ile miwani yake ya kukuza. Nikangoja dada aondoke.

"Deo," nikasema, "Riziki hakai Paris."

Hakuinua kichwa. "Nani ameamua?"

"Yeye aliamua alipoomba kazi. Mimi nimechelewa tu kumwitikia."

"Mbele ya watu ulinyamaza. Sasa unakuja kunisemesha peke yangu, kama mtu anayerudisha sufuria iliyotoboka."

"Ni kweli. Jumapili nitasimama niseme mbele ya watu. Leo nimekuja kwako kwanza, kwa heshima."

"Heshima," akasema, akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee. "Mama Riziki, mimi sijui Bretagne. Najua kwamba mtoto akiwa peke yake mahali asipojulikana, akipatwa na jambo, hakuna wa kubisha mlango. Nimewazika watu hapa ambao tulijua wamekufa kwa sababu ya harufu. Ndiyo maana nataka akae na Clarisse. Si kwa ajili ya karatasi."

Nakuandikia hili ili ulijue: hakutaka kukuuza. Aliogopa kwa ajili yako, na hofu yake ilikuwa na sababu, nami nilikuwa nimejiandaa kupigana na mchoyo. Nikamwambia nitahakikisha kuna wa kubisha mlango. Akasema, "Wewe uko Durban. Utahakikisha na nini?" Kisha akavaa miwani, akavuta simu nyingine. "Kesho kutwa sitawapeleka airport. Tafuteni teksi." Nikatoka. Yeye anapita na gari lake hapa chini kila siku, na kesho asubuhi litapita tupu. Hiyo ndiyo bei, na mimi na baba yako tumekubali kuilipa. Usiibebe wewe.

Neno lake lilinisumbua usiku, kwa maana ni swali zuri. Leo, ulipokwisha kutoka kwenda saluni, nikampigia Clarisse mwenyewe. Nilitaka kumwambia asije kukungojea. Nilikuwa nimejipanga, unanijua, na sentensi zangu tatu za kwanza tayari. Akapokea nikasikia maji yanamwagika na watu wanazungumza karibu naye sana.

"Clarisse, mwanangu, ni kuhusu Riziki."

"Ndiyo Tante, nitamfikia asubuhi. Nimeomba ruhusa."

"Hatakaa kwako. Anapanda treni, anakwenda Bretagne."

Nikaingoja hasira. Kisha nikasikia anaondoka pale, mlango unafungwa, kelele zinakatika.

"Tante," akasema taratibu, "asante."

Nikamuuliza asante ya nini. Akasema kitanda hakipo. Chumba wanalala wanne, kwa zamu, na huyo bibi mzee wa kutunzwa ni yeye Clarisse anayemtunza; alikuwa anafikiria kumwachia Riziki nusu ya saa zake za kazi na kutafuta nyingine mahali pengine. "Tonton alinipigia akasema mtoto anakuja. Ningemwambiaje hapana? Yeye ndiye alinipa nauli ya kufika huku."

Fikiria hilo, Riziki. Chumba kizima kiliitikia Jumapili, na yule ambaye angebeba mzigo alikuwa mbali, naye akaitikia kwenye simu kwa sababu ile ile iliyonipeleka mimi jikoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitaka jambo lile isipokuwa Tonton, na yeye alilitaka kwa hofu. Tungeliachia lipite hivyo hivyo, kwa upole, na wewe ungekuwa ndani yake.

Atakuja uwanja wa ndege vilevile, kwa kuwa ruhusa amekwisha kuipata na yeye si mtu wa kupoteza ruhusa. Atakuvusha Paris mpaka Montparnasse, atakaa nawe mpaka treni ya Quimper iondoke, na kutoka Quimper utachukua basi. Utampa vitenge vyake. Utamkumbatia vizuri, kwa ajili yangu pia, na ukifika utamwambia. Wa kubisha mlango ni yeye, tumepatana: usipompigia kila Jumamosi, anapanda treni anakuja. Jioni hii baba yako atapita dukani kumweleza Deo hivyo, maana kutoka kwangu hatataka kusikia.

Kabla hajakata simu, Clarisse aliniuliza jambo. Miaka yote aliyokaa Ufaransa hajawahi kuiona bahari yao. Akauliza, kama mtu anayeomba kitu kikubwa, iwapo huko kwako siku za sikukuu itakuwepo nafasi ya mgeni, hata sakafuni.

Nimemwambia iko. Nimesema hivyo bila kukuuliza, kwa jina lako, kwenye nyumba ambayo bado hujaiona. Nenda ukaifungue.

Mama yako